Chanjo, Kipimo na Kazi: Amri ya Marekani ya 2021 Ilisema Nini?



Katika parokia zetu ziko familia nyingi zenye mtoto, mpwa au shemeji anayefanya kazi Marekani. Wengine wanahudumia wazee katika nyumba za kutunzia wazee, wengine wako kwenye maghala na viwanda. Mwishoni mwa mwaka 2021, UVIKO-19 ilipokuwa imepamba moto, ndugu hao walituletea nyumbani habari mbili zisizopatana. Ya kwanza ilisema serikali ya Marekani imeamuru kila mfanyakazi achanjwe, na asiyetaka afukuzwe kazi. Ya pili ilikuja kama miezi miwili baadaye, kwamba Mahakama Kuu ya huko imeizuia amri hiyo, na maana yake ni kwamba chanjo imeonekana mbaya.

Miaka imepita lakini habari hizo hazijafa. Bado tunazisikia kliniki ya watoto, na hapo ndipo penye hatari. Mama ameshika kadi ya mtoto wake wa miezi tisa, anasitasita kwenye chanjo ya surua, na anasema, "Sista, hata Marekani mahakama iliikataa chanjo." Mtoto huyo wa miezi tisa hana habari na mahakama ya Marekani. Surua ikimkuta, itamkuta tu.

Kwa hiyo leo nataka tuisome amri ile kama tunavyosoma karatasi iliyomo ndani ya kisanduku cha dawa: iliandikwa nini, ilimhusu nani, na kwa nini ilisimamishwa. Habari zote mbili zilizotufikia hazikuwa sahihi. Amri ile haikumlazimisha kila mtu achanjwe, na mahakama haikusema lolote baya juu ya chanjo.

OSHA ipi?

Kwanza tuweke jina sawa. Hapa Tanzania tunao Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi tunauita OSHA, na unafanya kazi chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 2003. Marekani nako iko OSHA, ya zamani zaidi, iliyo chini ya Wizara ya Kazi ya huko. Ilitokana na sheria iliyotiwa sahihi na Rais Richard Nixon tarehe 29 Desemba 1970. Majina yanafanana, lakini ni ofisi mbili tofauti, kila moja na nchi yake. Amri tunayoizungumzia leo ni ya OSHA ya Marekani peke yake. Kwetu chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani, na ilitolewa kwa hiari.

Shabaha ya OSHA ya Marekani ni rahisi kueleza. Mtu aliyetoka asubuhi kwenda kutafuta riziki arudi jioni akiwa na vidole vyake, macho yake na mapafu yake. Kwa hiyo inatunga kanuni juu ya mashine zisizo na kinga, ngazi na majukwaa ya wajenzi, kemikali, kelele na vumbi. Na mara nyingi kanuni hizo zinamfunga mwajiri. Ndiye anayetakiwa kuweka kinga kwenye mashine, na ndiye anayetozwa faini akishindwa. Naomba msomaji alishike jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

Kanuni ya kawaida huchukua miaka kutungwa, kwa kuwa kila mwenye neno lazima asikilizwe. Lakini sheria ile ya 1970 iliacha mlango wa dharura. Ikionekana kwamba wafanyakazi wako katika hatari kubwa kutokana na kitu chenye madhara au hatari mpya, na kwamba kanuni ya haraka inahitajika kuwakinga, OSHA inaweza kuitoa mara moja, na kanuni ya kudumu inatakiwa kufuata katika muda wa miezi sita. Mlango huo ulifunguliwa mara chache sana. Mwaka 1983 ulitumika kwa ajili ya vumbi la asbesto, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaibatilisha kanuni hiyo. Baada ya hapo haukuguswa tena mpaka Juni 2021, ilipotolewa kanuni ya dharura ya UVIKO-19 kwa ajili ya hospitali na sehemu nyingine za tiba.

Kiwanda cha nyama

Je, ugonjwa unaoenea kwa hewa unahusianaje na kazi? Si unaweza kuupata popote, sokoni, kwenye basi, hata kwenye kwaya? Ni swali zuri, na ndilo lililokuja kuamua kesi yote. Lakini kabla ya kwenda mahakamani tutazame mfano mmoja.

Katika mji wa Sioux Falls, jimbo la South Dakota, kipo kiwanda kikubwa cha kuchinja na kutengeneza nyama ya nguruwe. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2020, karibu wafanyakazi 1,300 wa kiwanda hicho waliambukizwa virusi vya korona, na wanne wakafariki. Wakaguzi wa OSHA walipomaliza kazi yao walitoza faini ya dola 13,494.

Ukiielewa kazi ya kiwanda cha namna hiyo hutashangaa. Watu wanasimama bega kwa bega kwenye mstari wa kukatia nyama, saa nyingi mfululizo. Ndani kuna baridi, na kuna kelele za mashine, hivyo anayetaka kusikika inambidi apaze sauti, na mtu akipaza sauti hutoa matone na pumzi nyingi kuliko anayeongea kwa utulivu. Kisha wote wanaingia chumba kimoja kubadili nguo, wanakula pamoja, na wengine wanapanda gari moja kurudi nyumbani. Wengi wao walikuwa wahamiaji, watu wasioweza kumudu kukosa mshahara wa siku. Mtu wa namna hiyo akianza kukohoa atajikaza aende kazini. Sisi wauguzi tunamjua mtu huyo, hata hapa kwetu yuko.

Kwa hiyo ni kweli kwamba virusi vilikuwa kila mahali. Lakini ni kweli pia kwamba zipo kazi zilizomweka mtu mbele ya virusi kwa namna ambayo sokoni hapamweki. Sokoni ukiona umati utaondoka. Kwenye mstari wa nyama huondoki mpaka zamu iishe.

Amri yenyewe

Tarehe 9 Septemba 2021 Rais Joe Biden alitangaza kwamba serikali yake itatunga kanuni kwa waajiri wakubwa. Kanuni hiyo ilitolewa rasmi kwenye gazeti la serikali tarehe 5 Novemba 2021. Wakati huo UVIKO-19 ilikuwa imekwisha kuua zaidi ya watu 700,000 nchini Marekani. OSHA ilikadiria kwamba kanuni ingewagusa wafanyakazi wapatao milioni 84, na kwamba kwa miezi sita ingeokoa maisha ya watu zaidi ya 6,500 na kuwaepusha watu zaidi ya 250,000 na kulazwa hospitali.

Ilimhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi. Yule mwenye duka la watu kumi haikumgusa. Mwajiri alitakiwa kuchagua njia moja kati ya mbili. Aliweza kuweka sharti kwamba wafanyakazi wote wachanjwe, au kumwachia mfanyakazi mwenyewe achague kati ya kuchanjwa, na kupimwa angalau mara moja kila siku saba pamoja na kuvaa barakoa akiwa ndani. Anayefanya kazi nyumbani kwake, anayefanya kazi peke yake mahali pasipo na mtu mwingine, na anayefanya kazi nje wakati wote, hawakutakiwa kuchanjwa wala kupimwa. Mwenye sababu ya kitabibu ya kutochanjwa, au imani ya dini anayoishika kwa dhati, alikuwa na njia ya kuomba atendewe tofauti.

Mnaona basi. Habari ya kwanza iliyotufikia, kwamba kila mfanyakazi achanjwe au afukuzwe, haimo humo. Yapo makampuni yaliyoweka sharti kali kuliko hilo kwa hiari yao, na pengine ndugu yetu aliajiriwa na kampuni ya namna hiyo, akadhani ni serikali. Kosa hilo ni rahisi kufanyika. Barua ya meneja na amri ya serikali zinafika kwenye ubao uleule wa matangazo.

Kuna kifungu kimoja kilichopita kimyakimya, nami ndicho kilichonigusa kuliko vingine, cha nani alipe. Kwa chanjo, mwajiri alitakiwa kumpa mfanyakazi hadi saa nne za kazi zenye malipo kwa kila dozi, na muda wa kutosha wa kupumzika wenye malipo ikiwa sindano itamletea homa au maumivu. Hapo nasema wametenda vyema. Watu wengi wanaoacha chanjo hawaachi kwa ubishi. Wanaacha kwa sababu kliniki inafunguliwa saa zilezile wanazotakiwa kibaruani, na homa ya siku moja ni mshahara wa siku moja. Lakini kwa upande wa vipimo, kanuni haikumlazimisha mwajiri kulipa. Isipokuwa pale ambapo sheria nyingine au mkataba wa chama cha wafanyakazi ulisema vingine, gharama ya kipimo cha kila wiki iliweza kumwangukia mfanyakazi. Kwa maoni yangu huo ulikuwa udhaifu mkubwa. Mwenye kipato kizuri angeuona uchaguzi wa chanjo au kipimo kuwa uchaguzi kweli. Mfagiaji wa ghala mwenye watoto wanne angeona mlango mmoja uko wazi na mwingine unalipiwa kila juma.

Kipimo kinaona nini, na chanjo inafanya nini?

Tuache sheria kidogo tuzungumze habari za mwili, maana watu wamechanganya kipimo na chanjo kana kwamba ni vitu viwili vinavyofanya kazi moja.

Kipimo ni kama picha. Kinakuonyesha pua na koo vilivyo saa ile uliyopimwa. Kipimo cha haraka, kile cha kijiti na mstari mwekundu, hutafuta protini za virusi, na hutoa jibu kwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya nusu saa. Kinawanasa vizuri walio na virusi vingi, lakini siku za mwanzo za maambukizo kinaweza kusema huna, kumbe unavyo. Kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi ni makini zaidi, ila kinahitaji mashine na subira. Kwa vyovyote, aliyepimwa Jumatatu akaonekana hana anaweza kuambukizwa Jumanne na kuwa anawaambukiza wenzake kabla ya Jumatatu nyingine. Ndiyo maana kanuni ilidai na barakoa, na ilidai kwamba yeyote aliyeonekana ana virusi, awe amechanjwa au hajachanjwa, aondolewe kazini mara moja. Ilikataza pia mtu kujipima mwenyewe na kujisomea jibu mwenyewe bila mtu kushuhudia. Hapo nadhani waliwajua wanadamu.

Chanjo ni mazoezi. Inaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Kazi yake kubwa na ya kudumu kwa UVIKO-19 ilikuwa kuzuia ugonjwa usiwe mkali, mtu asilazwe na asife. Kuzuia maambukizo yenyewe iliweza kwa kiasi, na kiasi hicho kilipungua kadiri miezi ilivyopita na virusi vilivyobadilika. Tarehe 26 Novemba 2021, majuma matatu tu baada ya kanuni kutolewa, Shirika la Afya Duniani lilikipa jina la Omicron kirusi kipya kilichokuwa kimegunduliwa kusini mwa Afrika. Omicron kiliwaambukiza hata wengi waliochanjwa. Watu wakasema, sasa chanjo ina maana gani? Lakini OSHA ilipoeleza hatari kubwa iliyokuwapo ilikuwa ikimtazama hasa mfanyakazi ambaye hajachanjwa. Yeye ndiye aliyekuwa katika hatari ya kuugua sana na kufa, na shabaha ya kwanza ilikuwa kumkinga yeye. Kwa shabaha hiyo chanjo iliendelea kuwa na nguvu. Kwa shabaha ya kuzuia ugonjwa usienee kazini ilikuwa imelegea, na anayesema haikulegea hasemi kweli.

Mahakamani

Kanuni ilipotoka Ijumaa, Jumamosi yake mahakama ya rufaa iliyoko New Orleans iliisimamisha kwa muda. Kesi zilifunguliwa sehemu nyingi za nchi, na majimbo kadhaa na vyama vya wafanyabiashara vilikuwa miongoni mwa walalamikaji. Sheria yao inasema kesi za namna hiyo zikiwa nyingi, mahakama moja ya kuzisikiliza ipatikane kwa kura. Kura ikaiangukia mahakama ya rufaa iliyoko Cincinnati. Tarehe 17 Desemba, majaji wawili dhidi ya mmoja wakairuhusu kanuni iendelee. Wapinzani wakakimbilia Mahakama Kuu kule Washington.

Shauri lilisikilizwa tarehe 7 Januari 2022. Kulikuwa na jambo ambalo muuguzi halimpiti. Mahakama hiyo ilikuwa na kanuni yake yenyewe ya kuwapima korona mawakili kabla hawajaingia ukumbini kuzungumza. Siku hiyo mawakili wa majimbo ya Ohio na Louisiana, waliokuja kupinga kanuni hizo za serikali, walitoa hoja zao kwa simu kwa sababu ya utaratibu huo.

Uamuzi ulitolewa tarehe 13 Januari 2022, majaji sita dhidi ya watatu, na kanuni ikasimamishwa. Tarehe 26 Januari OSHA iliiondoa rasmi. Kwa hiyo amri iliyozungumzwa mpaka vijijini kwetu haikufikia hata siku moja ya kumdai mfanyakazi kipimo.

Majaji wale sita hawakusema chanjo ni mbaya. Hawakupima dawa, walipima sheria. Walisema Bunge liliipa OSHA uwezo juu ya hatari za kazini, halikuipa uwezo juu ya afya ya watu wote kwa jumla. UVIKO-19, wakasema, inampata mtu nyumbani, shuleni, na kwenye viwanja vya michezo, kama magonjwa mengine mengi yanavyompata. Haigeuki kuwa hatari ya kikazi kwa sababu tu watu wengi wana ajira. Tena chanjo si kofia ya chuma. Kofia unaivua jioni ukitoka kazini, chanjo huivui. Wakaongeza kwamba katika miaka hamsini OSHA haikuwahi kutoa amri ya namna hiyo. Lakini waliacha nafasi. Pale ambapo kazi yenyewe inaleta hatari ya pekee, kama kwa wanaofanya utafiti wa virusi hivyo au wanaofanya kazi mahali palipobanana sana, OSHA inaweza kutunga kanuni.

Majaji watatu waliokataa, Stephen Breyer, Sonia Sotomayor na Elena Kagan, walijibu kwamba hatari haiachi kuwa ya kazini kwa kuwa iko na kwingine. Moto huwaka nyumbani pia, na nyaya mbovu za umeme ziko kila mahali, lakini OSHA inazishughulikia kazini bila mtu kulalamika. Tena mfanyakazi hana uwezo wa kujichagulia nani akae karibu naye. Wakauliza ni nani aliye na ujuzi wa kuamua mambo hayo, wataalamu wa usalama kazini au majaji.

Mkiniuliza mimi, kila upande ulishika kipande cha ukweli. Mtu wa mstari wa nyama wa Sioux Falls alistahili kinga ya pekee. Karani wa ofisi yenye nafasi na madirisha wazi hakuwa katika hali ileile, na kanuni iliwapima wote wawili kwa idadi ya wafanyakazi wa mwajiri, si kwa hatari ya kazi. Kama ingeandikwa kufuata hatari, huenda ingesimama.

Wengine wameuliza kama Marekani haikuwahi kulazimisha chanjo. Iliwahi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, uliamuru watu wachanjwe ndui. Mchungaji mmoja, Henning Jacobson, alikataa, akatozwa faini ya dola tano, akaenda mpaka Mahakama Kuu. Mwaka 1905 mahakama ilisema jimbo lina haki ya kufanya hivyo kulinda watu wake. Lakini hilo lilikuwa jimbo. OSHA ni ofisi ya serikali ya taifa, na uwezo wake unaishia pale Bunge lilipouishilizia.

Hospitalini mambo yalikuwa mengine

Siku ileile ya 13 Januari mahakama ileile ilitoa uamuzi wa pili ambao haukusikika sana huku kwetu, ingawa ndio uliowagusa ndugu zetu wengi zaidi. Idara inayosimamia bima za serikali za wazee na maskini, Medicare na Medicaid, ilikuwa imetoa sharti lake tarehe ileile ya 5 Novemba. Hospitali, nyumba za wazee na vituo vingine vinavyopokea fedha za bima hizo, vipatavyo 76,000, vihakikishe wafanyakazi wake wamechanjwa. Hapa njia ya kupimwa badala ya kuchanjwa haikuwekwa, ila msamaha kwa sababu za kitabibu au za dini ulikuwapo. Sharti hili mahakama iliruhusu, majaji watano dhidi ya wanne.

Sababu yao naielewa vizuri. Mgonjwa hakuja hospitali kuambukizwa na anayemhudumia. Mzee wa miaka themanini anayelishwa kwa kijiko hawezi kukaa mbali na mkono unaomlisha. Kuzuia maambukizo ni sehemu ya kazi yetu tangu siku ya kwanza ya mafunzo, kama kunawa mikono. Kwa hiyo binti yako aliyekuwa akihudumia wazee Marekani mwaka 2022, na akaambiwa achanjwe, hakudanganywa. Sharti lile liliondolewa mwaka 2023, baada ya hali ya dharura kwisha.

Sauti ya Kanisa kuhusu dhamiri

Kwa kuwa msamaha wa dini ulitajwa sana, na Wakatoliki wengine waliuomba kwa jina la Kanisa, ni vema kujua Roma ilisema nini. Tarehe 21 Desemba 2020, Idara ya Mafundisho ya Imani, kwa idhini ya Papa Fransisko, ilitoa waraka mfupi. Ilisema kwamba pale ambapo chanjo zisizo na dosari za kimaadili hazipatikani, ni halali kutumia zilizotengenezwa kwa msaada wa chembehai zilizotokana na mimba zilizotolewa zamani, na kwamba kuzitumia si kuukubali utoaji mimba. Ilisema pia kwamba kwa kawaida kuchanjwa si wajibu wa kimaadili, na kwa hiyo kuwe kwa hiari. Lakini anayekataa kwa sababu ya dhamiri, ajitahidi kwa njia nyingine za kujikinga asiwe mwenye kuwaambukiza wengine, hasa wale wasioweza kuchanjwa na walio dhaifu.

Soma sentensi hiyo ya mwisho kisha uilinganishe na ile kanuni ya mwaka uliofuata: hutaki chanjo, basi upimwe na uvae barakoa. Mwanasheria na mwanateolojia hawakukaa meza moja, lakini wamefanana.

Kanuni isiyopigiwa kelele

Nimalize na kanuni nyingine ya OSHA hiyohiyo, iliyopo mpaka leo, na wala hakuna anayeizungumzia. Mwezi Desemba 1991 ilitolewa kanuni juu ya magonjwa yanayoletwa na damu. Ilikuja wakati UKIMWI ulikuwa umewatia hofu watumishi wote wa afya duniani, lakini adui aliyekuwa rahisi zaidi kumpata kwa sindano alikuwa virusi vya homa ya ini aina ya B. Kanuni inamtaka mwajiri ampe kila mfanyakazi anayeweza kugusa damu nafasi ya kupata chanjo ya homa ya ini B, bila kumtoza hata senti moja, baada ya kumfundisha na katika siku kumi za kazi tangu apangiwe kazi hiyo. Mfanyakazi akikataa anatia sahihi karatasi. Akibadili nia baadaye, bado atachanjwa bure. Akichomwa na sindano iliyotumika, anachunguzwa mara moja, kwa siri, na kwa gharama ya mwajiri.

Hapa hakuna aliyeshikwa mkono kwa nguvu. Aliyefungwa ni mwajiri, na hatari imetokana na kazi yenyewe wazi kabisa. Maambukizo ya homa ya ini B kwa watumishi wa afya wa Marekani yalipungua sana katika miaka ile ya tisini. Nimemwona muuguzi mwenzangu akichomwa na sindano usiku wa zamu, akikaa miezi akingoja majibu ya damu yake, wala hakuwa amewahi kupewa chanjo. Tangu hapo mwanafunzi wa uuguzi akija wodini kwangu, swali langu la kwanza ni kadi yake ya homa ya ini.

Kwa wazazi wenye kijana anayesomea uuguzi au utabibu, au anayetafuta nafasi ya kuhudumia wazee ng'ambo, chanjo hiyo kwa kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Asisubiri barua ya kuitwa kazini ndipo aanze. Kadi aitunze pamoja na vyeti vya shule, na nakala yake ibaki nyumbani kwa mama.